Batri ya perseze ndani ya motokari ya mutoto



Mwezi huu tuzungumze juu ya zile motokari ndogo za plastiki zinazotembea kwa batri, mutoto anakaa ndani na kukanyaga kwa muguu. Zamani sisi wenyewe tulitengeneza zetu kwa waya na makopo, na hakuna aliyeuliza volti. Leo ndugu aliye Ulaya anatuma moja ndani ya kontena, inafika hapa Katuba, mutoto anafurahi miezi mitatu, kisha batri inakufa na motokari inabaki kwenye kona ya lupango.

Yetu ilikuwa hivyo. Kijana mumoja wa kwaya, fundi wa kuunga vyuma, aliiangalia akaniambia: "Papa Pasteri, hii batri ilisha kufa. Tuweke ya perseze yangu. Utaona vile itakimbia!" Mama watoto akamujibu mbele yangu: "Ikimbie kwenda wapi?"

Tukakaa chini tukahesabu. Batri inayokuja ndani ya motokari hizo ni ya risasi, mara nyingi volti 12 na ampea-saa 7. Zile ndogo zaidi ni volti 6. Ni nzito, kilo 2 na zaidi. Inataka saa nyingi kujaa, 8 hata 12, na ninyi munajua umeme wetu. Batri ya risasi ikikaa tupu wiki nyingi inaharibika ndani na hairudi tena, hata umusihi fundi namna gani. Kwa hiyo musimupige mutoto juu ya batri iliyokufa.

Batri ya perseze, ile mashine ya kutobolea, ni ya litiamu. Ndani muna seli zinazofuatana 5, kila moja volti 3.6, jumla 18. Ikijaa kabisa inafika 21. Ndiyo maana kiwanda kimoja kinaandika 18 na kingine 20, na kitu ni kilekile. Ile ya ampea-saa 5 inabeba umeme sawa na ile ya risasi, hata kupita kidogo, lakini haifiki kilo 1, na chombo kizuri kinaijaza kwa saa moja hivi. Kwa sisi tunaoishi na umeme wa kukatika, faida ni hapo. Mimi sioni faida katika mbio.

Juu ya mbio, sikieni. Motokari ya volti 12 inakwenda karibu kilometa 5 kwa saa, mwendo wa mama anayetoka sokoni. Ukiweka 18 moja kwa moja inaongeza kama nusu, na papa lazima akimbie kuifuata. Nyingi hazina breki: mutoto akiondoa muguu, motere yenyewe ndiyo inaizuia. Gia ni za plastiki, meno yanakatika wakati wa kuanza, na swichi inaungua. Na nje ya mulango wa lupango ni barabara ya vumbi yenye makamio.

Kijana hakufurahi kusikia hayo, lakini ni fundi wa kweli. Alirudi na vitu vitatu. Cha kwanza ni chombo kidogo cha kushusha volti, kutoka 18 mpaka 12. Cha pili ni fyuzi ya ampea 30, akaiweka karibu kabisa na batri. Batri ya litiamu, waya zake zikigusana, inatoa moto mukali mara moja, na mutoto amekaa juu yake. Cha tatu ndicho vijana wengi hawakijui: kifaa cha kukata umeme batri ikishuka mpaka volti 15. Katika batri nyingi za namna hii, anayesema "inatosha" ni perseze yenyewe. Ndani ya motokari hakuna wa kusema. Seli zinanyonywa kupita kiasi, zinakufa, na kuzijaza tena kunaweza kuleta moto.

Tena, sokoni angalieni. Kuna batri zimeandikwa 48VF au 88VF kwa herufi kubwa, na ndani ni seli 5 tu kama nyingine. Ipime kwa mukono. Ya ampea-saa 5 mara nyingi ina seli 10, na kila seli ya kawaida ni gramu 45 hivi. Ikiwa nyepesi kama kopo tupu, umenunua maandishi.

Watoto waliuliza vitu vya ndani vinatoka wapi. Niliwaambia kwamba batri nyingi za mashine hizi zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia inachimbwa kwetu, Kolwezi na Fungurume na kwingine. Inasafiri mpaka Asia, inarudi sokoni kwetu kama batri. Niliwaambia pia kwamba sheria yetu inakataza mutoto kufanya kazi ya madini, na bado mwezi wa kwanza 2016 Amnesty International ilitoa ripoti juu ya watoto wanaookota na kuosha mawe hayo. Binti yangu mukubwa aliuliza kama watoto hao wana motokari. Sikuwa na la kumujibu, nikamwambia hivyo.

Batri ya zamani hatukuivunja. Wako watu wanaozipasua wayeyushe risasi, na vumbi lake na moshi wake vinaharibu akili ya mutoto polepole, bila homa wala kidonda cha kuonyesha daktari. Tuliipeleka nzima kwa munyunuzi wa batri mbovu.

Sasa motokari inatembea ndani ya lupango, mulango umefungwa, Jumamosi alasiri na Jumapili baada ya ibada. Siku nyingine haitembei, kwa sababu batri ni ya yule kijana, na Jumatatu asubuhi anakuja kuichukua aende nayo kazini.