Kutafuta kompyuta mjini Lubumbashi

Kikundi chetu kilitaka kompyuta ya kuandikia hesabu za likelemba. Tukapanda taksi-basi komini ya Kenya, tukashuka katikati ya mji, penye maduka ya vyombo vilivyopitia Kasumbalesa.

Bei zimepanda. Samsung, SK Hynix na Micron, wanaotengeneza sehemu kubwa ya memori duniani, sasa wanapeleka nyingi kwenye mashine kubwa za akili bandia. Desemba 2025 Micron ilitangaza kuacha kuuza memori za Crucial kwa watu wa kawaida. Upungufu wa huko mbali umefika mpaka kwetu!

Sisi tulitafuta iliyokwisha kutumika. Mwombeni fundi afungue kifuniko mbele yenu. Memori ikiwa imechomekwa, mtaongeza siku mkipata pesa. Ikiwa imechomelewa kwenye ubao, haiongezeki tena. GB 8 zinatosha hesabu na barua. Disku iwe SSD, maana ile ya kuzunguka inachosha hata mama mvumilivu. Kisha iacheni iwake nusu saa bila umeme, muone betri. Umeme wetu mnaujua. Muuzaji akinuna, vukeni barabara: ng'ambo kuna duka lingine.