Spillover: kumwagika, kufurika au kuvuka ua?

Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha. Nina neno moja tu la Kiingereza ambalo limenisumbua wiki nzima: spillover.

Lilikuja na kazi. Shirika moja lilinipa hojaji ya kuweka kwenye simu, ya kuwauliza wakulima wadogo wa majani chai hapa Litein na vijiji vya karibu. Swali moja linataka kujua kama mradi wao umekuwa na spillover kwa majirani wasioshiriki. Tafsiri niliyopewa ilisema "madhara". Nikasimama hapo hapo. Ukimuuliza mtu kuhusu madhara, atakutajia mabaya peke yake. Na majibu hayo ndiyo yatakayoamua kama mradi utaendelea au utafungwa.

Tuanze na maana ya kwanza: kitu kimejaa, kilichozidi kikatoka nje. Hapa Kiswahili kina maneno mawili, na si pacha. Maziwa humwagika ukijikwaa. Mto hufurika kwa sababu umejaa. Kumwagika ni ajali, kufurika ni wingi.

Sisi watu wa tarakilishi tunamjua jamaa wa neno hili, overflow. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 ililipuka chini ya dakika moja baada ya kuruka. Programu ilichukua namba ya biti 64 na kujaribu kuiingiza katika nafasi ya biti 16, ambayo mwisho wake ni 32,767. Namba haikuenea. Msimbo wenyewe ulikuwa umetoka kwa Ariane 4, ambako namba hiyo haikuwahi kuwa kubwa kiasi hicho. Ni kama kushindilia majani ya vikapu viwili katika kikapu kimoja.

Maana ya pili ni ya wanauchumi: jambo ulilofanya likamfikia mtu ambaye hakuwa katika mapatano yenu. Bonasi ya majani chai ikilipwa, fundi cherehani asiye na hata mche mmoja wa chai hupata wateja. Huo ni spillover. Dawa ya magugu ikipeperushwa na upepo hadi kwenye sukuma wiki ya jirani, huo pia ni spillover. Neno la Kiingereza halisemi kama ni heri au shari. "Madhara" limeshakata kesi kabla ya shahidi kusema.

Mfano mkubwa wa jambo hili uko hapa Kenya. Kuanzia mwaka 1998, huko Busia, wanafunzi wa shule 75 za msingi walipewa dawa za minyoo kwa awamu. Edward Miguel na Michael Kremer walichapisha matokeo mwaka 2004: utoro ulipungua kwa takriban robo, na hata watoto ambao hawakumeza dawa walinufaika. Sababu yake ni rahisi. Mayai ya minyoo hutoka na kinyesi na kuingia udongoni. Wagonjwa wakipungua, udongo unakuwa salama zaidi kwa kila anayeukanyaga. Ukilinganisha aliyemeza na asiyemeza katika shule moja, utadhani dawa haina nguvu sana, kumbe manufaa yamevuka ua. Kremer alikuwa mmoja wa watatu waliopata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019.

Sasa sikilizeni sehemu inayotuhusu sisi. Mwaka 2015 watafiti wengine walichapisha marudio ya hesabu zile kwa kutumia data ya waandishi wenyewe, wakaeleza hitilafu katika msimbo. Kwa kila shule, programu ilihesabu shule 12 tu zilizo karibu zaidi, hata pale ambapo kulikuwa na nyingine ndani ya umbali uliokusudiwa. Baada ya kurekebisha, manufaa ya karibu, ndani ya kilomita 3, yalibaki. Ya kati ya kilomita 3 na 6 hayakuonekana tena kwa uhakika. Kwa hiyo ukisema kitu kimefurika, useme pia kimefika wapi.

Nikarudi kwa swali langu. Nililiandika hivi: "Je, mradi huu umemfikia kwa njia yoyote, nzuri au mbaya, mtu ambaye hakuwa ndani yake?" Kisha nikaweka nafasi mbili za majibu, na ya tatu ya kuandika umbali.

Nikalijaribu kwa mama mmoja jirani ambaye hayuko katika mradi.

"Umenifikia, kijana wangu," akasema. "Nilichungulia kwa ua nikaona wanavyopogoa chai, na mimi nikapogoa hivyo. Lakini ule mtaro waliochimba unaleta maji yote kwa shamba langu."

Kwa "madhara" angenipa mtaro peke yake. Shirika lingeandika kwamba majirani wanalalamika, basi.

Nimewatumia swali jipya pamoja na majibu ya mama (bila jina lake). Bado wanajadili, maana swali langu ni refu na wao wanataka neno moja. Mimi neno moja sina. Nyinyi mkilipata, nipeni, ila lisiwe "madhara".

Haya, tuonane wiki ijayo.