Kulala Hemani Katika Bonde la Lambwe

Wako watu wenye nyumba njema, zenye paa la mabati na milango ya kufungwa kwa ufunguo, ambao kila ifikapo likizo hutoka humo wakaenda kulala chini ya nguo iliyotandwa juu ya fito. Jambo hili huwashangaza wazee wetu, na mshangao wao si wa kupuuzwa. Kwa desturi hema ni nyumba ya mtu asiye na nyumba, au aliye mbali na nyumba yake: askari aliye vitani, mkimbizi, mpima ardhi, au mfiwa aliyejiwa na wageni wengi kuliko nafasi ya ua wake. Mtu kuliendea kwa furaha, tena kwa kulipa, ni jambo linalotaka maelezo.

Maelezo mengine ni mepesi. Mwaka 1907 Baden-Powell, yule aliyezikwa Nyeri mwaka 1941, aliwachukua wavulana wachache akawalaza mahemani katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, wajifunze kujitegemea. Na vijana wa nchi nyingi, pamoja na yetu, wameifuata desturi hiyo hata leo. Huko Florida, Marekani, ilipofunguliwa bustani kubwa ya michezo ya Walt Disney World mwaka 1971, kambi iitwayo Fort Wilderness ilifunguliwa mwaka huo huo, ili jamaa wapige mahema yao chini ya miti, na kukipambazuka wakawatazame watu waliovaa vichwa vya panya na bata. Sina neno juu ya michezo hiyo. Mtoto ni mtoto kila mahali. Lakini kambi ninayotaka kuieleza hapa haina panya wa kuigiza. Wanyama wake ni wanyama kweli, na hofu yake ilikuwa hofu kweli, ambayo katika ukoo wetu ilikuwa na kaburi.

Mimi ni mwalimu katika mji wa Migori. Mwezi wa Agosti, mke wangu na mimi tuliazimia kuwapeleka watoto wetu wawili, msichana wa miaka 11 na mvulana wa miaka 8, walale usiku mmoja katika Hifadhi ya Taifa ya Ruma, iliyo katika bonde la Lambwe, kaunti ya Homa Bay. Bonde hilo lilianza kutengwa kwa ajili ya wanyama mwaka 1966, na mwaka 1983 hifadhi ikapewa jina la Ruma. Eneo lake ni kilomita za mraba 120, nyingi zikiwa nyasi ndefu, na ndipo mahali pa mwisho katika Kenya ambapo korongo bado anaishi mwituni. Simsemi ndege wala bonde lililochimbwa na maji. Namsema yule mnyama wa jamii ya paa, mkubwa kama farasi, mwenye pembe zilizopinda kwa nyuma na uso wa weusi na weupe kama aliyevaa kinyago. Watoto walikuwa wamemwona kitabuni, wakataka kumwona akitembea.

Mama yangu anakaa karibu na Rongo. Nilipompelekea habari hii alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Mwanangu, katika nchi yote hii hukuona mahali pengine pa kuwalaza wajukuu wangu ila Lambwe?”

Lazima nieleze asili ya swali hilo. Katika vichaka vya Lambwe anaishi mbung'o, inzi mwenye desturi ya kulaza mabawa yake moja juu ya jingine kama mkasi uliofungwa. Huuma mchana, na shati jembamba halimzuii. Pongo na wanyama wengine wa mwituni huweza kubeba vijidudu vya malale bila kuonekana wagonjwa. Mbung'o hunyonya damu yao, kisha humuuma mtu. Mgonjwa hupatwa na homa na kuumwa na kichwa. Baadaye vijidudu hufika katika ubongo, na hapo usingizi hugeuka: mtu husinzia mchana na kukesha usiku, akili humpotea kidogo kidogo, na asipotibiwa hufa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ugonjwa huu ulilipuka vibaya katika bonde lile. Miongoni mwa waliopatwa alikuwa kaka yake mama yangu, kijana wa miaka 19, aliyekuwa akichunga ng'ombe wa babu. Mama alikuwa na miaka 15, na kazi aliyopewa nyumbani ilikuwa kuketi karibu na kaka yake wakati wa chakula na kumwamsha, kwa kuwa alikuwa akipatwa na usingizi huku tonge limo mkononi. Alipofikishwa hospitali siku zilikuwa zimekwisha kupita. Baada ya maziko babu alihama na watu wake wote, na mama hakukanyaga tena Lambwe.

Nilikuwa na hesabu za kumjibu. Mgonjwa wa mwisho wa malale aliyeambukizwa nchini na kutambuliwa miongoni mwa wenyeji alipatikana mwaka 2009, na mwezi wa Agosti mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeuondoa ugonjwa huo katika hesabu ya matatizo ya afya ya umma. Nilimweleza hayo kwa adabu, nikaongeza kwamba mbung'o mwenyewe hajaisha, maana sikutaka kumshinda kwa nusu ya ukweli. Alinisikiliza hata mwisho. Kisha akasema, “Basi nitakwenda nanyi.” Nadhani hesabu zangu hazikumshawishi hata kidogo, ila aliona kwamba tutakwenda, akaamua kwamba hatutakwenda bila yeye.

Mwalimu mwenzangu alikuwa na mahema mawili ya kuazimisha, moja la buluu iliyokolea na jingine la rangi ya mchanga. Watoto walilitaka la buluu. Mama alilikataa pale pale, akawauliza kama wamewahi kuona mtego wa mbung'o. Hawakuwa wameuona, naye akawaeleza vizuri kuliko ambavyo ningaliweza mimi: kwamba inzi huyu huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, na kwa hiyo wataalamu hushona vitambaa vya rangi hizo na kuvitundika porini, vingine vimetiwa dawa ya kumwua, vingine vina wavu juu wa kumnasa, na penginepo huwekwa mkojo wa ng'ombe karibu ili harufu imwite. Hata nguo zetu alizikagua. Suruali nyeusi ya mwanangu ilibaki Migori.

Tulitoka alfajiri kwa njia ya Macalder, kwa kuwa nilitaka kwanza kuwaonyesha Thimlich Ohinga, katika kaunti yetu ya Migori. Msomaji aliye karibu na asiye na habari za mahali pale anajinyima. Ni boma la mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, linalokisiwa kuwa lilijengwa katika karne ya 16, na mwaka 2018 liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kuta zake zina kimo cha mita 1.5 hata 4.5, na unene wa mita moja kwa wastani. Jiwe hukaa juu ya jiwe kwa uzito na kwa ustadi wa aliyelichagua, basi. Milango ni mifupi, hata mtu mzima hana budi kuinama aingiapo. Adui angeingia kichwa mbele, na mwenye nyumba angekuwa amesimama. Mama aliinama, akaingia, akaweka kiganja juu ya ukuta kama apimaye joto la mgonjwa. “Waliojenga hapa walimwogopa mtu na fisi,” alisema. “Mbung'o angalipita juu.”

Sikuwa na la kuongeza, wala sasa sina. Ukuta wa mita moja wa mawe haukufaa kitu mbele ya inzi yule, na miongoni mwa silaha zilizomrudisha nyuma ni kipande cha nguo.

Tulizunguka kwa njia ya Homa Bay, tukaingia hifadhini baada ya adhuhuri. Askari wa hifadhi alituonyesha mahali pa kambi. Mimi nilipenda kivuli cha mti mmoja uliozungukwa na vichaka, maana jua lilikuwa kali. Mama alipenda uwanda mweupe wenye nyasi fupi, mbali na vichaka. Askari alimtazama mama, akatabasamu, akasema kwamba mzee huyu ni mwenyeji. Basi tukapiga hema juani.

Kupiga hema ni kazi inayofundisha mengi kwa muda mfupi. Vigingi hupigwa kwa kuinama kinyume cha hema, ili kamba ivutapo isiving'oe. Kamba ikilegea paa hutuamisha maji, ikikazwa mno nguo hupasuka mshononi. Na mlango huelekezwa mbali na upepo. Binti yangu alilielewa jambo la vigingi kabla ya mdogo wake, akawa msimamizi, tena msimamizi mkali. Jioni tuliona twiga wakipita polepole mbele ya vilima vya Gwassi, na nyati mmoja amesimama peke yake. Tukala ugali na samaki wa kukaanga tuliowachukua kutoka Homa Bay, tukaingia ndani.

Katika nyumba ya matofali usiku huwa nje. Hemani usiku huwa ndani pamoja nawe. Wasikia nyasi zikisuguana, na mnyama asiyejulikana akitafuna karibu, na wajua kwamba kati yako naye pana unene wa shuka. Fisi walilia ng'ambo ya bonde. Mwanangu alinisogelea, lakini dada yake alifungua macho akamwona bibi yake ameketi wima karibu na mlango, blanketi mabegani.

“Dani, mbona hulali?” aliuliza. Ndivyo watoto wa Kijaluo wamwitavyo bibi.

“Nitalala,” mama alimjibu. “Lala wewe.”

Niliamka mara tatu usiku ule, na mara zote tatu alikuwa ameketi vile vile. Nilimwambia kwamba mbung'o haumi usiku. Alisema alijua jambo hilo kabla sijazaliwa.

Korongo hatukumwona. Tulizunguka asubuhi nzima, tukaona taya wadogo wakiruka nyasini na kifaru mmoja kwa mbali. Wa kinyago hakutokea, na askari alisema wamebaki wachache mno hata yeye hupitisha siku nyingi bila kukutana nao. Tulirudi kambini saa sita. Mke wangu alipakua chakula, nami nilikuwa nikilegeza kamba nilipogeuka nikamwona mama ameketi kitini, kichwa kimeanguka kifuani, usingizi umemchukua, na kipande cha ugali kimo mkononi.

Moyo wangu ulisimama. Nilijua vema sababu ya usingizi ule: mwanamke wa makamo aliyekesha usiku kucha ana haki ya kusinzia mchana. Hata hivyo nilisimama na kamba mkononi, nikamtazama pumzi kwa pumzi, na kwa mara ya kwanza nikaona kile alichokuwa akikitazama yeye kila siku alipokuwa na miaka 15. Nilikuwa nimekisikia kisa hicho tangu utotoni. Mwanangu alikuja akaniuliza kwa sauti ndogo kama amwamshe Dani apate kula. Nilimwambia amwache.

Alilala kwa muda wa saa nzima. Tukang'oa vigingi kwa mikono bila nyundo, tukabomoa hema lote na kulikunja, naye yungali kitini.

Njiani alitukagua ngozi zetu. Mke wangu alikuwa ameumwa mahali pawili mkononi, mimi mmoja shingoni. Alituagiza kwamba yeyote atakayepata homa katika majuma matatu yajayo asinunue dawa dukani, ila aende hospitali na kumwambia daktari, kabla hajaulizwa, kwamba alikuwa Lambwe. Majuma hayo matatu alipiga simu kila jioni kuuliza hali zetu, mmoja mmoja, kwa majina. Katika juma la nne alipiga mara moja tu, akauliza kama lile hema la rangi ya mchanga limekwisha kurudishwa kwa mwenyewe. Nilimwambia bado. Alisema mwenyewe aombwe aliache kwetu hata likizo ya Novemba, kwa sababu watoto hawajamwona korongo.