Mfupa wa Plastiki na Matundu Yake

Watu wakisikia kwamba wikendi zangu huishia kwenye printa nikichapisha mafuvu ya ng'ombe na mbwa, swali huwa ni lile lile: kwani Kenya imeishiwa na mifupa? Swali ni halali kabisa. Nenda machinjio yoyote na utapata fuvu la ng'ombe kwa bei ya kuelewana. Kwa nini basi mtu awashe mashine usiku kucha ili apate fuvu la plastiki?

Aliyeniingiza katika mambo haya ni rafiki yangu, daktari wa mifugo anayefundisha anatomia. Jibu lake ni refu, nitalifupisha. Fuvu la machinjioni huja na nyama, mafuta na harufu yake. Lazima lichemshwe, lisuguliwe na kukaushwa, kazi ya siku nyingi. Likishapita mikononi mwa wanafunzi kwa miaka kadhaa, meno yanadondoka na vile vifupa vyembamba vya ndani ya pua vinavunjika. Tena kuna hatari: ukiokota mifupa ya mzoga usiojua uliuawa na nini, unaweza kuokota na kimeta, ambacho spora zake hudumu miaka mingi. Isitoshe, mbwa na farasi hawapatikani machinjioni. Na hata ukiwa na fuvu moja zuri la mbwa, wanafunzi wote hawawezi kwenda nalo nyumbani usiku wa kuamkia mtihani.

Faili, kwa upande wake, haichoki. Ukiwa nayo unachapisha mara kumi. Vifupa vya ndani ya sikio, ambavyo hupotea kwenye kiganja, unavikuza mara kumi mpaka darasa zima lione. Hadi hapo kila mtu anakubali.

Haya, sasa tuingie upande wetu wa tarakilishi.

Safari huanza na skani ya CT. Mashine hupiga eksirei kutoka pande nyingi, kisha tarakilishi inakokotoa picha za vipande vyembamba, kama mkate uliokatwa slesi. Sehemu kubwa ya hisabati yake ilifanywa na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, na mashine ya kwanza ya hospitali ikaundwa na Godfrey Hounsfield wa Uingereza. Wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel ya mwaka 1979. Jina la Hounsfield limebaki kwenye kipimo chenyewe: kila nukta ya picha ina namba yake, hewa ni -1000, maji ni 0, na mfupa ni kuanzia mia kadhaa hadi kupita 1000.

Kwa mwanaprogramu hiyo ni zawadi. Unaiambia programu, nipe kila nukta iliyozidi 300, na mfupa unajitokeza wenyewe. Kisha algoriti iliyochapishwa na William Lorensen na Harvey Cline mwaka 1987 inazigeuza nukta hizo kuwa wavu wa pembetatu ambao printa inaweza kuufuata. Programu za kufanya hayo ni za bure, kwa mfano 3D Slicer, au InVesalius iliyotengenezwa Brazil. Printa nazo zilishuka bei baada ya mradi wa RepRap ulioanzishwa Chuo Kikuu cha Bath mwaka 2005, na hataza kuu ya printa za uzi wa plastiki kuisha muda wake mwaka 2009.

Kwa hivyo kazi imekwisha? La. Hapa ndipo inapoanza.

Wavu unaotoka kwenye hatua hiyo huwa mchafu. Una vipande vinavyoelea hewani, una ngazi ngazi, una nyufa. Sisi tuliosomea sayansi ya tarakilishi tumefundishwa kupenda wavu safi: usiovuja, laini, wenye pembetatu chache. Kwa hiyo tunabonyeza kitufe cha kulainisha, tunabonyeza cha kuziba, na tukiona bado hautulii tunaufunika wote kwa ngozi mpya ya kubana. Picha inapendeza kwenye skrini.

Siku moja nilimpa rafiki yangu fuvu la mbwa lililochapishwa kutoka faili moja ya mtandaoni. Lilikuwa zuri kwa macho. Aliligeuza mkononi kama sekunde kumi hivi, akaniuliza, "Ndugu yangu, hapa neva inapita wapi?"

Alikuwa anatafuta tundu lililo kando ya pua, juu ya magego ya mbele ya taya ya juu. Neva inayoleta hisia za mdomo wa juu, pua na meno ya mbele hutokea hapo. Daktari akitaka kung'oa jino la mbwa hulipapasa tundu hilo kwa kidole, kisha huchoma sindano ya ganzi hapo hapo. Kwenye fuvu lile la plastiki palikuwa na kibonde kidogo tu, laini kama goti la mtoto. Mwanafunzi anayejifunza kwa fuvu hilo atakwenda kwa mbwa mzima akitafuta kitu ambacho kidole chake hakijawahi kukigusa. Atakayelipa gharama ni mbwa.

Baadaye akanionyesha fuvu la ng'ombe. Kati ya jicho na pembe kuna ukingo wa mfupa, na neva ya pembe hupita chini yake. Kabla ya kuondoa pembe, sindano ya ganzi huingia chini ya ukingo huo, karibu nusu ya njia kutoka kona ya jicho hadi shina la pembe. Ukilainisha wavu kupita kiasi, ukingo huo unalala. Kwenye skrini hutaona tofauti yoyote, lakini kidole kitaiona.

Hilo ndilo ninalotaka ulibebe leo. Mfupa wa kufundishia hauthaminiwi kwa umbo lake la jumla. Thamani yake iko kwenye matundu, mifereji, kingo na mikwaruzo ambako neva, mishipa na misuli hupita au kushikamana. Na hayo ndiyo hasa programu zetu huyaita uchafu.

Wengi hulaumu printa. Printa ya kawaida huweka tabaka za milimita 0.2, kwa hiyo tundu la milimita 2 haliishindi. Mara nyingi tundu limekufa kabla ya kufika huko. Kama slesi za skani zina unene wa milimita 1 au zaidi, tundu dogo huchanganyika na mfupa ulio jirani, namba yake inapanda, linahesabiwa kuwa mfupa. Lililonusurika hapo huuawa na kulainisha na kufunika.

Je, tarakilishi haiwezi kujilinda yenyewe? Nilijaribu njia moja inayopendeza. Fomula ya Euler inasema chukua idadi ya vipeo, toa kingo, ongeza nyuso. Kwa mche wa mraba ni 8 - 12 + 6, jibu ni 2. Kwa umbo lenye tundu moja linalopenya, kama pete, jibu ni 0, na kila tundu jipya linapunguza 2. Kwa hiyo unaweza kuhesabu matundu kabla ya kusafisha wavu na baada yake. Tatizo ni kwamba ndani ya mfupa mna tishu kama sifongo, yenye vitundu maelfu. Hesabu itakwambia matundu 1,500 yamezibwa, haitakwambia kama lile la neva ni mojawapo.

Dawa iliyotusaidia ni ya kizamani. Rafiki yangu aliandika orodha ya matundu yote anayoyafundisha, kwa majina. Kila fuvu likitoka kwenye printa tunachukua waya mwembamba na kuupitisha katika kila tundu, mmoja mmoja, tukitia alama. Waya usipopita, tunarudi kwenye skani. Kwa kingo tunafumba macho na kupapasa. Pia tunapima urefu kwa rula, kwa sababu faili za STL hazibebi kipimo: namba 25 inaweza kusomwa kama milimita au inchi, na taya ya ngamia ikatoka kama kiberiti. Wanaprogramu mtaitambua hii mara moja. Ni majaribio ya kawaida ya programu, ila aliyeyaandika ni daktari, na kifaa cha kuyaendesha ni waya.

Plastiki ina mipaka yake pia. Haina uzito wa mfupa. Ukiitoboa kwa drili inalainika na kunata, kwa sababu PLA huanza kulegea karibu nyuzi 60 (usiache fuvu lako ndani ya gari juani). Na faili moja ni mnyama mmoja. Wanafunzi wakishika nakala thelathini za mbwa yule yule, wanaweza kudhani mbwa wote wako hivyo. Ndiyo maana bado anachemsha mafuvu ya machinjioni, na simwambii aache.

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Kama wewe ni mwanaprogramu na una printa, usianze na mtandao. Mtafute daktari wa mifugo aliye karibu nawe, muulize ni matundu gani anayachoma sindano, uandike orodha. Kisha tafuta waya.