Samaki Apendaye Maji Baridi

Ndugu msomaji, wewe uliyezaliwa kando ya Ziwa Viktoria au Ziwa Tanganyika unajua vema kazi ya uvuvi. Unawajua sato, sangara na migebuka. Unajua wavu, mgono na ndoana. Lakini yuko samaki mmoja katika Afrika ya Mashariki ambaye ukimtia katika ziwa lako hatamaliza siku nyingi, maana hawezi joto. Makao yake ni mito ya milimani, ile ambayo ukitia mkono maji yake huuma vidole kwa baridi. Jina lake ni trauti. Naye kwa desturi havuliwi kwa wavu wala kwa mnyoo, bali kwa nzi asiye nzi.

Leo twende pamoja mpaka Naro Moru, katika nchi ya Kenya, tukajifunze uvuvi huo tangu mwanzo. Usiogope kama hujapata kushika ufito wa namna hii. Wavuvi wote hodari walianza kwa kunasa majani na matawi ya miti.

NJIA YA KUFIKA

Kutoka Nairobi mpaka Naro Moru ni mwendo wa kilometa 170 hivi kwa barabara ya lami. Utapita Thika penye mashamba ya mananasi, kisha Karatina penye soko kubwa, kisha Kiganjo, na kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyopoa. Ukiwahi asubuhi, kabla mawingu hayajakusanyika, utauona Mlima Kenya umesimama mbele yako wazi, meta 5,199 kwenda juu, na vilele vyake vyeusi vimeshika barafu kidogo. Wakikuyu huuita Kirinyaga.

Mto Naro Moru huanzia huko juu, katika bonde liitwalo Teleki. Hushuka katika nchi ya majani magumu na ukungu, hupita mianzi, huingia katika msitu wa mierezi, na mwisho hutokea penye mashamba na nyumba za watu. Si mto mkubwa. Mahali pengine kijana huruka toka jiwe hata jiwe akavuka bila kulowa. Lakini maji yake ni maangavu, hata waweza kuhesabu kokoto chini.

Kabla hujatia mguu majini, fanya mambo mawili. Kwanza, pata leseni ya kuvua. Na ikiwa utavua ndani ya mbuga ya taifa, pata ruhusa ya mbuga pia. Pili, tafuta mwenyeji wa kukuongoza. Msitu ule una tembo na nyati, nao hawaulizi leseni.

MGENI ALIYEKUJA KWA MELI

Trauti si mwenyeji wa mito hii. Mwaka 1905 mlowezi mmoja Mwingereza, Ewart Grogan, alileta trauti wa kahawia kutoka Uskoti, wakatiwa katika mto Gura, milima ya Nyandarua. Miaka michache baadaye akaletwa ndugu yake, trauti wa upinde wa mvua, ambaye asili yake ni mito ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini. Huyu utamtambua mara moja: ubavuni ana mstari mwekundu wa kupendeza, na mwili wake umejaa madoa madogo meusi. Tangu siku zile samaki hao wameenea katika mito ya Nyandarua na ya Mlima Kenya, na pale Kiganjo serikali ina kituo cha kuzalisha vifaranga vyao.

Usije ukachukua vifaranga na kuvimwaga katika mto wa kwenu kwa kudhani unafanya hisani. Mgeni huyu ni mlaji. Hula wadudu wa maji, kaa wadogo wa mtoni, na hata samaki wadogo. Kumpeleka mahali papya ni kazi ya wataalamu waliopima kwanza.

NZI ASIYE NZI

Sasa tazama vyombo vyako. Ufito wako una urefu wa meta mbili na nusu hivi, ni mwembamba, nao hupindika kama unyasi penye upepo. Zamani fito hizi zilitengenezwa kwa mianzi iliyochanwa na kugundishwa. Siku hizi nyingi ni za nyuzi za kaboni. Karibu na mpini kuna gurudumu dogo la kuzungushia mshipi. Mshipi wenyewe ni mnene na mzito kidogo, na mwisho wake umeungwa uzi mwembamba wa nailoni ambao samaki hauoni kwa urahisi. Hakuna chubwi. Hakuna boya.

Mwisho wa uzi ndipo alipo nzi. Ni ndoana ndogo, pengine ndogo kuliko punje ya mchele, iliyofungwa unyoya wa jogoo, nywele za mnyama na uzi wa rangi, hata ikafanana na mdudu aliyeanguka majini. Ufundi huu ni wa kale sana. Mwandishi Aelianus, aliyeishi katika dola ya Roma, mnamo mwaka 200 aliandika habari za watu wa Makedonia waliovua samaki kwa ndoana iliyovikwa sufu nyekundu na manyoya ya jogoo. Na katika Uingereza kilipigwa chapa mwaka 1496 kitabu cha uvuvi wa ndoana kilichoeleza nzi kumi na wawili. Kwa mapokeo husemwa kilitungwa na mtawa, mama mkuu wa nyumba yake, jina lake Juliana Berners, ingawa wataalamu wa leo wana shaka juu ya habari hiyo.

Tena ujue jambo hili: nchini Kenya wako watu, wanawake kwa wanaume, ambao chakula cha watoto wao hutokana na kufunga nzi hawa. Huketi mezani, ndoana imebanwa mbele yao, wakazungusha uzi na unyoya kwa vidole vyepesi. Nzi wao husafirishwa kuuzwa Ulaya na Amerika. Hivyo huenda Mskoti akamnasa samaki wa kwao kwa nzi aliyefungwa na mama wa Kenya.

KUTUPA MSHIPI

Hapa ndipo mwanafunzi anapotoka jasho. Katika uvuvi uliouzoea, chubwi ndiyo inayovuta mshipi kwenda mbali. Lakini nzi hana uzito wowote. Ukimtupa kwa mkono humrudi usoni mtupaji. Basi, kinachotupwa si nzi, ni mshipi. Mshipi huruka, na nzi hufuata nyuma kama mtoto aliyeshika kanga ya mama yake.

Jifunze kwanza uwanjani penye majani, si mtoni. Ondoa ndoana, funga kipande cha sufu. Fikiria uso wa saa ya ukutani, nawe umesimama ubavuni pake. Inua ufito kwa nguvu kidogo, uusimamishe karibu na tarakimu ya 1, nyuma kidogo ya kichwa chako. Hapo ngoja. Mshipi uko hewani nyuma yako unajikunjua. Ukisha kunyooka, peleka ufito mbele, uusimamishe penye tarakimu ya 10. Mshipi utapita juu ya kichwa chako na kushuka taratibu mbele.

Neno kubwa katika hayo yote ni “ngoja”. Karibu kila mwanafunzi huharibu mahali hapo. Hurudisha mkono mbele upesi kabla mshipi haujanyooka nyuma. Mshipi hulia kama mjeledi wa mchunga ng'ombe, na nzi hukatika akapotelea majanini. Nguvu nyingi hazisaidii. Mtoto wa miaka kumi aliye mtulivu hutupa vizuri kuliko baba yake mwenye misuli. Haraka haraka haina baraka. Hapa mithali hiyo utaiona kwa macho.

KUUSOMA MTO

Ukisha kuweza kutupa, bado hujawa mvuvi. Yakupasa kujua samaki yuko wapi. Trauti husimama ameelekeza kichwa mkondo unakotoka, maana chakula chake huletwa na maji. Lakini kupigana na maji ya nguvu siku nzima humchosha. Kwa hiyo huchagua mahali pa akili: nyuma ya jiwe kubwa, chini ya ukingo uliochimbika, au mahali maji ya mbio yanapokutana na maji yaliyotulia. Hapo hupumzika, na mkondo humpitishia chakula mlangoni.

Kwa sababu anatazama juu ya mto, wewe mwendee kutoka chini. Inama. Usivae nguo ya kung'aa. Usiache kivuli chako kianguke juu ya maji, wala usikanyage mawe kwa kishindo, kwani husikia mtikisiko kwa mwili wake wote. Mtupe nzi juu kidogo ya pale anapokaa, kisha mwache ashuke na mkondo kama jani kavu. Nzi akienda mbio kuliko maji, au akikokotwa kando, samaki hujua kwamba huyu si mdudu wa kweli.

Utatupa mara kumi, utatupa mara hamsini. Halafu ghafula maji yatafanya duara ndogo, na nzi hayupo. Inua ufito, usiuvute kwa nguvu. Samaki akikimbia, mpe mshipi, akichoka, uvute. Ukimfikisha karibu, mkinge kwa wavu mdogo wa mkono. Ikiwa ni mdogo, lowanisha mikono kwanza, mtoe ndoana na umwachilie. Mkono mkavu humwondolea ute unaomkinga na maradhi.

Ikiwa ni wa kutosha sufuria, mpasue na utazame ndani ya tumbo lake. Utaona alichokula asubuhi hiyo: mabuu ya majini, chungu walioanguka kutoka mitini, pengine gamba la kaa. Hivyo utajua nzi wa kumfunga kesho. Kisha mtie chumvi, mkaange kwa mafuta kidogo au mchome juu ya makaa. Nyama yake ni laini, na mifupa yake si ya kusumbua watoto.

MBONA KAZI YOTE HII?

Najua mzee mmoja kijijini atauliza: “Mbona taabu yote hii? Wavu ungewatoa wote kwa asubuhi moja.” Ni kweli, ungewatoa wote, na mama wenye mayai pia. Na wako wengine wabaya zaidi, wanaomimina sumu ya wadudu mtoni ili samaki waelee. Mtu wa namna hiyo hauwi samaki tu. Maji yale yale huteremka hata kwa ng'ombe wa jirani na kwa mtungi wa mama mwingine. Ukimwona, usinyamaze.

Sasa tumefika kwenye jambo ambalo mvuvi mwanafunzi hujifunza mwisho, nalo ni kubwa kuliko yote. Trauti ni shahidi wa mto. Maji yakipata joto kupita nyuzi 25 za Sentigredi, hupata taabu na kufa. Hutaga mayai yake katikati ya kokoto safi. Udongo ukimomonyoka shambani na kuzifunika, mayai hukosa hewa. Kwa hiyo ukikatwa msitu unaotia kivuli, au ukilimwa ukingo mpaka majini, si lazima ungoje wataalamu waje na vipimo. Trauti hutoweka kwanza.

Na mto Naro Moru haukomi Naro Moru. Huungana na Ewaso Ng'iro, nao huteremka kaskazini hata nchi kavu ya Wasamburu, ambako watu na mifugo hawana mto mwingine. Huku juu wako wakulima wengi, wadogo kwa wakubwa, wenye mifereji na pampu. Katika miezi ya kiangazi kila mmoja huchota, na maji yanayobaki kwa watu wa chini hupungua mno, pengine hukatika kabisa. Juu mlimani nako mambo yanabadilika: barafu ya Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote za mlima huo, ilipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake kati ya mwaka 1934 na 2010. Maji mengi ya mto hutoka kwa mvua inayohifadhiwa na msitu, wala si kwa barafu. Ndiyo sababu msitu ukiharibika hakuna ghala nyingine.

Watu wa huko hawakukaa kutazama tu. Wameunda vyama vya watumiaji wa maji, wakulima wa juu na wa chini wakaketi pamoja, wakapatana zamu za kuchota wakati wa kiangazi. Si kazi rahisi, maana mahindi yanaponyauka kila mtu huona zamu yake imechelewa. Lakini ni afadhali kugombana mkutanini kuliko kugombana mtoni na mapanga.

Basi, ndugu msomaji, huenda hutafika Naro Moru, wala hutashika ufito wa nzi. Lakini kijito cha kwenu unacho. Jumapili alasiri wachukue watoto, mshuke mkakitazame polepole kama mvuvi anavyotazama. Inueni jiwe moja na mtazame wadudu waliojishikiza chini yake. Ulizeni maji yanatoka kwa nani na yanakwenda kwa nani. Kisha lirudisheni jiwe mahali pake, kwa maana ni nyumba ya mtu.