Ua wa Bibi

Nyumba ya bibi ilikuwa Kariakoo, mtaa wa Narung'ombe. Vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati, baraza mbele, ua nyuma. Bibi alikaa chumba cha mbele, vilivyobaki alipangisha. Mwaka 1974, nilipoanza kujua hesabu, niliwahesabu waliolala humo usiku mmoja: ishirini na watatu.

Sikuwahi kuona kwamba tumesongamana. Mchana wote tulikuwa uani. Wanawake walitwanga, walisukana nywele, waligombana juu ya zamu ya kufagia wakapatana kabla ya magharibi. Wanaume walikuwa barazani na bao lao. Chumba kilikuwa cha kulala na kuweka sanduku tu.

Baadaye nikasomea upimaji ardhi, na ramani za zamani zikanieleza mtaa wetu. Mistari yake iliyonyooka ilichorwa na Wajerumani muda mfupi kabla ya vita ya 1914, Waafrika wakae mbali na Wazungu na Wahindi. Jina la Kariakoo lenyewe linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza kilichopiga kambi hapo katika vita hiyo. Mnazi Mmoja, tulikochezea mpira, uliachwa wazi ili utenganishe mji wetu na wao. Kiwanja hicho nilikipenda sana, na nilipojua sababu yake niliumia.

Ikaja mipango kabambe ya jiji: wa 1949, wa 1968, wa 1979. Ule wa 1968 ulichorwa na kampuni ya Toronto. Nimeusoma kwa heshima, maana waliochora walifikiria miaka ishirini mbele: barabara, viwanda, vitongoji vipya. Lakini ramani humwonyesha mpimaji ukubwa wa kiwanja na, kwa rangi, matumizi yake, makazi au biashara. Ua wa nyuma haukuwa na rangi yake.

Biashara ilipofunguliwa enzi za Rais Mwinyi, thamani ya ardhi ya Kariakoo ikapanda kupita ya vyumba vilivyokuwa juu yake. Nyumba moja ikavunjwa, na ya pili, zikainuka ghorofa tano, nane, kumi. Mwaka 1998 mfanyabiashara mmoja akaja kwa bibi na makubaliano ya kawaida ya mtaani: wewe una kiwanja, mimi nina fedha, nikimaliza utapata flati mbili na sehemu ya kodi ya maduka. Hakumdhulumu, na alichoahidi alikitoa.

Bibi aliniita nimsomee michoro. Nikamwonyesha maduka, ngazi, flati zake ghorofa ya tano. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na ua uko wapi, mjukuu wangu?"

Jengo lilijaza kiwanja kutoka mpaka hadi mpaka. Nikamwambia nguo zitaanikwa juu ya paa. Akanyamaza. Nikatia saini yangu kama shahidi, na mpaka leo saini hiyo inanisumbua, kwa sababu mimi ndiye niliyefundishwa kusoma mchoro na yeye ndiye aliyeona kilichokosekana.

Silalamikii wingi wa watu; watu wengi kukaa pamoja mjini ni jambo jema. Jiji haliwezi kutambaa mpaka Kibaha kwa nyumba za chini peke yake. Nyumba ya bibi ilikuwa imejaa kuliko flati nyingi ninazozipima sasa, ila ilikuwa na ua.

Bibi alifariki mwaka 2009. Siku ya msiba, sebuleni mwa flati yake walienea wanawake kumi na wawili. Waliobaki walikaa kwenye ngazi, ghorofa baada ya ghorofa, wakipishana na wapangaji waliobeba maboksi ya bidhaa. Wanaume tulisimama barabarani. Wamachinga wakaondoa meza zao bila kuombwa, tukapata pa kutandika mkeka mmoja.

Jeneza halikuingia kwenye lifti. Tulilishusha kwa ngazi, na kila kona tulilazimika kulisimamisha wima, yeye akiwa ndani, ndipo tugeuke.