Nani Huyo Anayegonga Mwembe?

Mgeni afikapo Kirumba, ndege wa kwanza kuwaona ni wale korongo wakubwa wenye upara pale Mwaloni, wakingojea mabaki ya samaki, na mwewe wanaozunguka juu ya magunia ya dagaa. Lakini sisi akina mama tunaokaa juu kidogo, katika nyumba zilizobanwa na mawe makubwa, tuna mgeni mwingine uani. Huyu hatumwoni upesi. Tunamsikia: ko-ko-ko-ko! Mtoto hukimbilia mlangoni akidhani kuna anayebisha hodi, kumbe ni kigogota yuko mwembeni.

Mama msomaji, yawezekana naye yuko kwako. Ni vema kumjua, maana katika nyumba nyingi watoto humwinda kwa manati, na baba husema ndiye anayeukausha mti.

Tumtambueje?

Kigogota hakai tawini kama shomoro. Hujishikiza kwenye shina wima, vidole viwili mbele na viwili nyuma, akiegemea mkia wake mgumu kama mtu aegemeavyo fimbo. Kando ya Ziwa Victoria wako wa namna kadhaa, lakini tukiwajua watatu tumeanza vizuri.

Wa kwanza ni kigogota mdogo, wa sentimeta 15 hivi. Kifuani ana michirizi. Dume ana wekundu nyuma ya utosi. Jike hapo ni mweusi. Huyu hupenda matawi membamba, na hata mabua ya mahindi hupekua.

Wa pili ni kigogota wa Nubia. Ni mkubwa zaidi, na kifua chake cheupe kina madoa meusi ya mviringo. Dume ana utosi wote mwekundu pamoja na mstari mwekundu shavuni kama sharubu. Jike ana wekundu kisogoni tu. Hawa hutembea wawili wawili, na sauti zao kali huitikiana.

Wa tatu ni kigogota kijivu. Kichwa na kifua ni kijivu kisicho na madoa, mgongo ni kijani, na juu ya mkia ni mwekundu. Dume huongeza wekundu nyuma ya kichwa.

Tusimchanganye na zuwakulu, ambaye naye hutoboa miti mikavu. Zuwakulu ana mdomo mnene wenye vinyweleo kando yake, na hupenda matunda.

Je, anaua mti?

Hapana. Kigogota hutafuta mabuu, sisimizi na mchwa, na chakula hicho hukipata zaidi mahali ambapo mti umekwisha kuoza au kuliwa na wadudu. Basi akigonga sana tawi moja, anatupa habari kuwa ndani yake mna ugonjwa. Kumfukuza hakuuponyi mti. Ni sawa na kumfukuza mganga ukidhani ndiye aliyeleta homa.

Hapo ndipo penye uamuzi mgumu kwetu. Tawi kavu ni kuni, na kuni mjini ni fedha. Lakini tawi hilo hilo ndilo nyumba yake: huchimba tundu, jike hutaga mayai meupe, na wazazi wote wawili hupokezana kuyaatamia. Wakihama, ndege wengine wasioweza kuchimba huhamia humo. Tukiondoa kila mti mkavu, tumewavunjia nyumba wapangaji wengi.

Tufanye nini basi? Tawi linaloning'inia juu ya paa au mahali watoto wachezapo likatwe, tena kabla ya mvua za upepo. Uhai wa mtoto hauna badala. Ila kwanza tuchunguze kama tunduni mna makinda. Yakiwamo na hatari si ya leo, tusubiri yaruke. Na shina kavu lililo pembeni, lisiloweza kumwangukia mtu, tuliache lisimame.

Kwa watoto, manati ibadilishwe kwa daftari. Waambie waandike kila asubuhi: madoa au michirizi? Wekundu uko wapi? Ni mmoja au wawili? Hakuna ada ya somo hilo, na mtoto aliyekwisha kumjua ndege kwa sura hupata uzito kumpiga jiwe.